Amina Iliyomwachisha Mwokaji Kazi

Palikuwa na mwokaji mmoja, ndugu zangu, aliyezeekea mbele ya tanuri la mtu mwingine. Unga na moshi vilimwingia kifuani miaka yote hiyo, kifua kikavumilia, hata siku moja kikachoka kikamlaza kitandani. Hakutoroka kazi. Alimtuma mkewe kutoa taarifa, akajibiwa, "Mwambie apumzike."

Jumapili moja tajiri wake akaja kumjulia hali. Alikuja na sukari, na machungwa, na wanajumuiya waliojaa chumba kizima. Mgonjwa alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Nani asingefurahi? Tajiri kuinama aingie kibandani kwako ni jambo dogo?

"Pole sana, ndugu yangu."

"Nimeshapoa, mzee. Natafuta nguvu tu, nirudi tanurini."

"Tuombe kwanza," akasema tajiri.

Vichwa vikainama. Yule bwana alikuwa na kipaji cha maombi. Akianza Mwanzo hapumziki mpaka Ufunuo. Akaombea watoto, akaombea mvua. Halafu katikati, kwa sauti ileile laini, akasema: "Na kwa kuwa kazi imemshinda mtumishi wako huyu, Baba, sisi tumemwachisha kuanzia leo. Mfungulie mlango mwingine."

Mwokaji alisikia. Mkewe alisikia, akafumbua jicho moja. Lakini nani amkatize mtu anayezungumza na Mungu? Chumba kikaitikia, "Amina." Na mwokaji naye, kwa mazoea tu, akaitikia.

Alipopata nafuu akaenda kazini. Akakuta mtu mwingine amevaa aproni yake.

"Mzee, hata notisi hukunipa!"

"Nilikupa mbele za Mungu na mbele ya watu. Nawe ulikubali. Hukusema Amina?"

Akaenda ofisi ya kazi. Karani akamwambia, "Haki unayo, baba. Mgonjwa hatolewi kazini hivihivi. Lete shahidi mmoja tu aliyekuwepo, asiwe mkeo."

Mmoja tu! Na chumba kilikuwa kimejaa. Akapiga hodi kwa wa kwanza.

"Ulisikia alivyosema?"

"Ndugu yangu, mimi nilikuwa nimefumba macho."

Kwani masikio nayo hufumbwa? Akapiga hodi kwa mwingine. Huyo alikuwa anangoja keki ya harusi ya binti yake kutoka kwa tajiri yuleyule. Akazunguka mtaa mzima akikohoa, kila mlango ukampa pole, hakuna mlango uliompa shahidi.

Masika hayakumkuta. Kwenye mazishi tajiri ndiye aliyeombwa aongoze sala, maana nani angemshinda? Akaomba vizuri mno, na makaburini pote wakaitikia Amina. Mjane peke yake alinyamaza, macho wazi, akiwatazama mmoja mmoja.

Naona mmemkasirikia tajiri. Mkasirikieni, anastahili. Lakini mimi namwogopa zaidi yule aliyefumba macho, kwa sababu huyo namfahamu, tunakaa naye benchi moja. Wangapi kati yetu tumempelekea mgonjwa machungwa, tukamnyima ushahidi? Tajiri alikuwa na mdomo mmoja tu. Amina zilizobaki zilikuwa zetu, na mwenzetu amezikwa nazo.

Simameni tuombe. Na leo, jamani, sikilizeni kwanza ninachosema, ndipo muitikie.