Damu ya Sungura na Mama Aliyeacha Kuimba

Wapendwa, nimezoea kuwapeleka shambani na kisimani. Leo mniruhusu niwaingize maabarani.

Kulikuwa na binti mmoja aliyefanya kazi kwenye maabara ya utafiti wa magonjwa ya watoto. Siku moja alifuatwa na mama aliyefiwa na mtoto mchanga. Majirani walikuwa wamemwambia yule mama kwamba maziwa yake ndiyo yaliyomdhuru mwanawe, naye alijua kuwa damu kidogo ya mtoto bado imehifadhiwa pale.

"Dada, mkijua kilichomuua mwanangu, mniambie," alisema. "Hata kama ni mimi."

Nani kati yetu angeweza kulala na neno hilo?

Binti alijua cha kutafuta. Kuna kimelea ambacho, kikiingia mwilini, protini yake huonekana kwenye damu. Lakini umeme ulikuwa umekatika siku tatu, jokofu likapata joto, na ile protini, kama ilikuwemo, ilikuwa imeharibika na kupoteza umbo lake. Damu iliyobaki ilitosha kupimwa mara mbili tu.

Protini haionekani kwa macho. Hutafutwa kwa kingamwili, wale walinzi wadogo wa damu wanaong'ang'ania kitu wanachokijua. Binti alianza na zile za kisasa, zote za aina moja, zinazojua alama moja tu. Alama hiyo haikuwepo tena. Zikapita kama hazikukutana na mtu, na karatasi ya kipimo ikabaki nyeupe. Akakaa kwenye kiti, akawaza atamwambia nini yule mama.

Ndivyo alivyokutwa na mlishaji wa sungura wa maabara, mama mtu mzima ambaye aproni yake haikosi majani. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamuuliza kwa nini hatumii kingamwili za Bibie, sungura wake mweupe, aliyechomwa sindano ya ile protini mara tatu mwaka uliopita ili mwili wake ujifunze kuitambua.

"Mkubwa wetu wa maabara anasema hizo za sungura hazina adabu, mama. Zinashika ovyo."

"Ni nyingi, mwanangu, ndiyo maana. Moja inamjua mtu kwa sikio, nyingine kwa kisigino, nyingine kwa kovu la mgongoni. Ukimharibu uso, zilizobaki bado zinamjua. Na adabu utazifundisha kwa maziwa."

Maziwa kweli, wapendwa. Binti alitia damu iliyobaki kwenye karatasi mpya, akakoroga maziwa ya unga, akailoweka karatasi humo, ili kingamwili zisikwame pasipo mahali pake. Kisha akatia zile za Bibie. Akaosha taratibu, kama anayemwogesha mtoto wa siku tatu, akaosha tena. Damu ya mtoto mwingine mwenye afya, aliyoiweka pembeni kwa kulinganishia, haikuonyesha kitu. Kwenye damu ya yule mtoto ukajitokeza mstari mweusi, mwembamba, umefifia, lakini upo.

Binti hakupiga simu. Alisafiri mwenyewe, akafika siku ya ibada, akawauliza wanawake wa kwaya nyumba ya yule mama iko wapi.

"Yule? Zamani ndiye aliyekuwa akituanzishia nyimbo," mmoja akamjibu. "Siku hizi haimbi, hata salamu haitikii. Tunamwona tu, hatumjui tena."

Alimkuta nyuma ya jiko, peke yake. Akachuchumaa mbele yake. "Mama, kilichomuua ni kimelea. Maziwa yako hayakuwa na kosa."

Yule mama akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena, na binti akarudia mara ya tatu, akiwa amemshika mikono.

Sasa tujiulize sisi. Damu ya sungura ilikutana na kitu kile mara tatu tu, ikakitambua hata kilipoharibiwa na joto. Sisi tumekula na mwenzetu miaka mingapi? Tulimjua kwa sauti yake tu, na sauti ilipokatika tukasema hatumjui. Tena kile kilikuwa kitu kibaya. Ikiwa damu inamkumbuka adui namna hiyo, sisi tutashindwaje kumkumbuka dada yetu?

Mnadhani nasimulia habari za kanisa la mbali. Tazameni benchi la tatu, upande wa dirisha. Pana nafasi ya mtu pale, na tumeshaizoea.

Wewe unamjua kwa uji aliokuletea ulipojifungua. Wewe unamjua anavyocheka akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Wewe alikusuka nywele siku ya harusi yako, akakataa kuondoka mpaka ule kwanza. Tukitoka hapa twende wote kwake, kila mtu na alama yake.

Na tukifika, jamani, tusimsubiri aimbe.