Chungu cha Mwisho cha Ndewera

Hapo zamani, mlima ulipokuwa na njia moja tu ya kuvukia, watu watatu walipanda wakiwa na vyungu vya kubadilisha kwa chumvi: Ndewera mfinyanzi, Kiwia kaka yake, na Masika baba mkwe wake.

Huko juu mvua ya barafu iliwafungia pangoni. Vidole vya Ndewera vikawa vyeupe kama majivu.

Sikilizeni mwili unavyofanya. Baridi ikizidi, neva hupeleka amri kwenye mishipa ya damu ya vidole: "Jikazeni." Mishipa hujikaza, damu hurudi ndani, joto hubaki moyoni. Vidole huteseka, moyo huishi. Lakini vipo vitu ambavyo vikiingia kwenye damu, amri hiyo hubadilika.

Kiwia akatoa kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi. "Kunywa, dada. Mikono hii ndiyo shamba lako."

Ndewera akanywa. Pombe ikaififisha amri ya neva, mishipa ikalegea, vidole vikawa vyekundu. Akacheka. "Kaka, nimepata moto."

"Moto wa kuazima," alisema Masika. "Unatoka kifuani mwako. Basi, inatosha."

"Mzee, kibuyu si chako," alisema Kiwia.

"Kibuyu si changu. Mkwe ni wangu."

Kiwia akacheka, akakimaliza kibuyu peke yake.

Ndewera akaanza kusinzia. Masika akampa ugoro, naye akaamka. Lakini ugoro nao uliingia kwenye damu, ukaipaza amri ya neva: "Jikazeni zaidi." Mishipa ikajifunga. Vidole vikawa vyeupe tena, kisha vigumu kama kuni.

Mvua ilipokatika, Kiwia alikuwa amekufa. Joto lake lote lilikuwa limetoroka kupitia ngozi, na vidole vyake vilikuwa laini. Ndewera alikuwa hai. Nyumbani vidole vyake vikageuka vyeusi, vikakatwa vyote.

Chungu kimoja tu kilirudi kizima kutoka mlimani, nacho kikawa cha mwisho cha mikono ya Ndewera.

"Nipe mimi, mwanangu," alisema Masika. "Nilikuzuia pombe, ndiyo maana unapumua."

"Nipe mimi, wifi," alisema Manka, mjane wa Kiwia. "Mume wangu alikunywesha wewe kwanza. Iliyobaki akainywa yeye, na iliyomuua yeye ingekuua wewe. Huyu mzee ugoro wake ndio uliokula vidole vyako."

Masika akainama. "Sikujua. Nilitaka usilale."

Ndewera akawatazama. "Na vidole vyangu? Vilinyimwa damu ili moyo uishi. Tena ndivyo vilivyokifinyanga. Labda nikizike pamoja navyo."

Akakibana chungu kwa viganja viwili visivyo na vidole, akiogopa kitamponyoka.

Semeni basi, nyinyi mliosikia: mzee, marehemu, au vidole? Je, nani alistahili chungu kile?