Kivuli cha Wodi ya Wazazi

Nitawasimulia, halafu mnisaidie, maana mimi mwenyewe jambo hili limenishinda.

Huko upande wa Dodoma walikuwepo wanawake watatu. Mbeleje alijua mimea. Ukimwonyesha jani tu, atakwambia linapenda nini na linachukia nini. Paskalina alikuwa fundi wa kuchomelea, na chuma mikononi mwake kilikuwa laini kama ukindu. Semeni, mfanya usafi wa zahanati, hakuwa na ufundi uliosifika, ila akianza jambo haliachi.

Jirani yao Nyemo alimzaa mtoto wake wa kwanza katika zahanati hiyo, mwezi wa Oktoba. Ukuta wa wodi ya wazazi ulielekea magharibi, na alasiri ulitoa joto kama tanuri. Nyemo alizimia mara mbili. Kichanga chake kikashikwa na homa, nusura kimfie mikononi. Wale watatu walikuja kumpa pole, na walipotoka wakasimama nje wakiutazama ule ukuta.

"Uvikwe majani," alisema Mbeleje.

Akapanda mlimani, alikojua kuna mmea wa kutambaa unaobaki kijani kiangazi chote. Akakata vipando, akavifunga kwenye gunia bichi, akashuka navyo, akavipanda chini ya ule ukuta. Vikafa. Akarudi, vikafa tena. Safari ya tatu alichimba na udongo wa kule kule, akaubeba kichwani. Vitatu vikashika.

Lakini mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, akakataa. "Mtaleta unyevu, ukuta utapasuka. Ng'oeni."

"Hautaugusa ukuta, daktari," alisema Paskalina. "Nipe siku chache."

Alichomelea fremu ya vyuma na nyaya, akaisimamisha shubiri mbili mbele ya ukuta ili hewa ipite katikati. Siku tisa alikuwa juu ya ngazi, juani, mpaka viganja vikambabuka. Mganga akapitisha mkono kwenye ile nafasi, akacheka mwenyewe, akaruhusu.

Mmea ukapanda hadi madirishani. Ndipo mvua zilipogoma, na mbuzi wakaingia, wakautafuna hadi vikabaki vijiti vitatu.

"Huu umekwisha," alisema Mbeleje. Paskalina akaleta spana aifungue fremu yake.

"Iacheni kwanza," Semeni akawaambia.

Akavizungushia vijiti miiba. Bomba lilitoa maji siku mbili kwa wiki. Siku nyingine alikinga maji ya kusuuzia mashuka, akayabeba ndoo kwa ndoo.

"Semeni, unamwagilia vijiti?" watu walimcheka.

"Ndiyo. Namwagilia vijiti."

Wiki saba. Hata siku za likizo yake alikuja. Wiki ya nane kikachungulia kichipukizi, kidogo kama punje ya uwele, naye akakaa chini palepale akacheka peke yake.

Mwaka wa tatu ukuta wote ulikuwa kijani. Oktoba hiyo Nyemo akarudi wodini. Nje jua lilichoma kama kawaida yake. Ndani alisikia majani yakichakarika na ubaridi ukiingia dirishani. Alijifungua binti mzima, kisha, kwa mara ya kwanza katika wodi ile, mzazi akaomba shuka ajifunike.

"Huyu nitampa jina la aliyenipa kivuli hiki," alimwambia muuguzi.

"Ni nani?" muuguzi aliuliza, kadi ya mtoto mkononi.

"Mbeleje, nani mwingine?" alidakia mama yake Nyemo. "Bila mmea, pangekuwa na nini?"

"Mama, ungeng'olewa siku ile ile," alisema mume wa Nyemo. "Andika Paskalina."

Muuguzi akakohoa. "Mnisamehe. Wenye ujuzi wote wawili walishakata tamaa. Semeni hakukata."

Wenyewe watatu walikuwa mlangoni, wamekuja kumpa hongera. Nyemo alipowauliza, Mbeleje akamtaja Paskalina, Paskalina akamtaja Semeni, na Semeni akamtaja Mbeleje. Nyemo akamtazama binti yake, akawatazama wao, asijue aanze na nani.

Kadi ina nafasi ya jina moja tu. Ninyi mnaonisikiliza, mngekuwa Nyemo, mngemwambia muuguzi aandike nani?