Gari Likiinama, Hesabu Abiria

"We umekaza upande mmoja!"

"Nimekaza pande zote mjomba, si ulikuwa umesimama palepale unanihesabia nati?"

"Ningekuwa nimehesabu, lingeinama? Toka nje uone! Vidole vitatu! Kushoto limeshuka vidole vitatu na halijabeba hata gunia moja!"

"Basi mipira ya zile bushi zako za mtumba ndo imelala."

"Bushi! Umemaliza form four juzi, leo unanifundisha mimi bushi!"

Tulikuwa sebuleni kwa Bibi, Makambako. Mjomba Gaitan kashika futi kamba, mimi spana, wote tumejaa grisi, tunapigiana kelele kama tuko mnadani. Binamu yangu Sekela alikuwa anachambua maharage pembeni, akasema, "Labda linachechemea tu, lipeni Panado."

Lile pikapu tulikuwa tunalitengeneza wenyewe tangu Pasaka. Ni la zamani, la kupandia milima, rangi huwezi kujua ilikuwa kijani au bluu. Mjomba aliapa fundi hataligusa. Tukaliinua kwa springi mpya, tukabadilisha shokapu, tukaweka bampa la chuma cha reli, tukachomelea bomba la hewa mpaka juu ya kioo ili livuke mito. Kila tukimaliza kitu, mjomba anaona kingine. Sasa hivi anataka matairi makubwa. Na kila siku Bibi anauliza, lini unanipeleka Makete kwa dada yangu? Na kila siku mjomba anajibu, likikaa sawa, mama.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, fimbo mapajani. Alitusikiliza mpaka tukaishiwa pumzi. Halafu akasema, taratibu tu:

"Gari likiinama, hesabu abiria."

Mimi hiyo sijawahi kuisikia, na shuleni tulikaririshwa methali mpaka tukaziota.

"Ndo nini hiyo, Bibi?" Sekela akauliza. "Imetoka wapi?"

"Imetoka kinywani mwa dada yangu Yusta," Bibi akasema. "Nilikuwepo. Kaeni chini. Na wewe Gaitan, kaa."

Mjomba alibaki kasimama. Nawaeleza kama Bibi alivyotueleza, na chanzo cha msemo huo ndicho hiki.

Zamani, Bibi akiwa bado hajaolewa, kulikuwa na kijana wa kwao anaitwa Lwitiko Tweve. Alifanya kazi kambi ya barabara huku chini Makambako, akanunua pikapu kuukuu la kambi lilipopigwa mnada. Mikono yake ilikuwa haitulii. Jioni akitoka kazini anaingia chini ya gari, Jumapili watu wako kanisani yeye miguu tu ndo inaonekana.

Baba yake, Mzee Tweve, aliletwa huku chini kutibiwa kifua. Akatibiwa, akaambiwa nenda nyumbani kapumzike. Nyumbani kwake ni Makete juu kabisa, kwenye ukungu, ana shamba la pareto na nyumba aliyoijenga mwenyewe. Akamwambia mwanawe, "Nipeleke." Lwitiko akasema, "Baba, ile barabara ni mawe matupu. Ngoja niliinue gari kidogo, nisikuumize."

Alikuwa anampenda, Bibi alisisitiza hapo. Hakuwa mtoto mbaya.

Basi akaliinua. Halafu akaona breki, halafu difu ya magurudumu ya nyuma. Gari liko juu ya mawe, matairi yametolewa. Yule mzee kila asubuhi anavaa kofia yake, anachukua kibegi chake, anapanda kwenye kiti cha kushoto na kukaa. Gari halina matairi, lakini yeye amekaa, anatazama mbele kupitia kioo, kama wako safarini. Watu walimwambia, mzee utapata baridi. Anasema, "Akimaliza, asinitafute."

Kifua kilimkataza kupaza sauti. Kwa hiyo Lwitiko akiwa kule chini anauliza, "Baba, upo?" na mzee anagonga sakafu ya gari kwa fimbo mara moja. Tok. Maana yake nipo.

Siku moja ya masika Lwitiko aliingia chini ya gari mapema. Akafungua, akapaka grisi, akafunga. Akawa anauliza, "Baba, upo?" Tok. Baadaye tena, "Baba, upo?" Tok. Jua lilipofika utosini alitoka amwite wakale. Akakuta mzee amekaa, kofia kichwani, kibegi magotini, macho kwenye kioo. Alikuwa amekakamaa. Waliomwosha walipata shida kumnyoosha vidole kwenye ile fimbo. Wakasema huyu amekufa asubuhi, umande haujakauka.

"Ila si alikuwa anagonga?" nikauliza.

"Ndo nilivyoambiwa," Bibi akasema. "Mpaka saa sita aligonga."

Sekela aliacha maharage.

Mvua ilikuwa imekata barabara, gari halina matairi. Mzee Tweve akazikwa hukuhuku chini, kwenye makaburi ya watu asiowajua. Baada ya msiba Lwitiko akafunga matairi, akalishusha gari kwenye mawe. Lilipokanyaga tu ardhi likalala kushoto.

Akasema ni springi. Akaongeza bamba moja la springi upande wa kushoto. Likanyooka wiki moja, likalala tena. Akaongeza la pili. Likalala. Akawapelekea mafundi wa mjini, wakafungua, wakapima, wakamrudishia wakisema springi zako ni nzima kuliko zetu. Akaongeza la tatu, nene kama la lori. Kila akiongeza linanyooka, halafu polepole, kama mtu anayejiweka vizuri kwenye kiti, linashuka.

Akawa anabeba abiria huku chini tu, Makete hakupanda, na watu wakaanza kukataa kukaa mbele. Anasimama kituoni, mvua inanyesha, anasema ingieni mbele mjifiche. Wanachungulia, wanasema asante, tutakaa nyuma. Mama mmoja aliyebeba kuku alichungulia akapiga goti kidogo, "Shikamoo," halafu akaenda kupanda nyuma. Lwitiko alidhani ameamkiwa yeye. Alikuwa na miaka ishirini na tano.

Sasa Bibi na dada yake Yusta walikuwa wameshuka kununua mbegu ya viazi. Wakangoja gari pale njia panda wanapogawanyika wa kwenda juu. Ilikuwa asubuhi lakini ukungu umeshuka, ng'ombe akipita unamsikia tu. Pikapu likatokea, limelala kushoto, likasimama. Lwitiko akazima injini, akashuka kuwasaidia gunia.

"Gunia nyuma, ninyi kaeni mbele," akasema. "Kuna baridi."

Yusta alichungulia dirishani. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mbele pamejaa."

"Pamejaa nini, dada? Niko peke yangu."

"Sijui pamejaa nini. Mimi naona tu gari lako limelala."

"Ni springi hizo. Nimeongeza mabamba matatu, nitaongeza la nne."

"Utaongeza mpaka mwaka gani?" Yusta akamwambia. Alikuwa na mdomo huyo, Bibi akasema, hata sasa anao. "Wewe kila likilala unaingia chini. Umewahi kuangalia juu? Kaka, gari likiinama, hesabu abiria."

Lwitiko akacheka, kile kicheko cha mtu ambaye meno yanagongana.

"Haya, tuhesabu. Mmoja," akajigonga kifua.

Tok.

Ilitoka ndani ya gari, sakafuni, upande wa kushoto. Injini imezimwa. Hakuna upepo. Bibi anasema gunia lilimponyoka na hakusikia likianguka.

Lwitiko akakaa chini palepale kwenye tope na kuwaeleza yote, kofia, kibegi, fimbo, yule mzee kukaa kwenye gari lisilo na matairi. Yusta akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu.

"Alikuwa anataka kwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Sasa wewe unasubiri nini?"

Wale dada wawili wakapanda nyuma na gunia lao. Mbele hakukaa mtu. Lwitiko akaendesha polepole sana, kama unavyombeba mgonjwa, na kila wakipita pabaya, jiwe au shimo, wanasikia mle ndani: tok. Nipo. Lwitiko analia na kuendesha, analia na kubadili gia. Njia nzima hawakukutana na gari lingine.

Wakafika. Nyumba imefungwa, pareto imeliwa na magugu, ukungu umekaa juu ya bati. Lwitiko akazunguka upande wa kushoto, akafungua mlango, akasimama pembeni ameushika, kichwa ameinamisha.

"Baba, tumefika. Nisamehe, nilichelewa."

Kimya. Bibi anasema kimya kile kilikuwa kirefu mpaka alitamani mtu akohoe.

Halafu springi zikalia. Kwiii. Gari likaanza kunyanyuka kushoto, polepole, kama mzee anayejikongoja kushuka. Likanyooka. Halikuishia hapo, likaendelea kupanda, maana yale mabamba matatu sasa hayana wa kumbeba. Likalala kulia, na Bibi na gunia la mbegu wakateleza mpaka ukingo wa kulia. Hapo ndipo walipojua si macho yao tu.

Na kule kwenye kizingiti cha nyumba, mara moja: tok.

Hawakusikia tena. Lwitiko akaufunga mlango wa gari kwa viganja viwili, bila kuubamiza. Yale mabamba hakuyatoa. Mpaka lile pikapu linakatwa chuma chakavu lilikuwa limelala kulia, na watu wa kule wakiliona wanakumbushana maneno ya Yusta.

Bibi akaishia hapo. Mjomba Gaitan alikuwa anakunja na kukunjua futi kamba.

"Sasa mama," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo, "lile la nje halina marehemu. Nimelinunua kwa mtu mzima anatembea."

"Nani kasema marehemu? Nimesema abiria." Bibi akavuta kitenge magotini, na ndipo mimi nilipokiona vizuri. Ni kile cha kusafiria. Alikuwa anakivaa kila siku, miezi yote hii, nikadhani anakipenda tu. Chini ya kiti chake kulikuwa na kibegi. "Anayesubiri ana uzito, Gaitan, hata akiwa hai. Tangu Pasaka kila asubuhi najiandaa, nakaa hapa, nawasikiliza mnagonga. Mwili uko kwenye kiti hiki. Mimi niko kwenye kile cha gari. Yusta jicho moja limeshazima. Alinipigia akasema, njoo nikuone hili la pili likingali linawaka. Wewe unaniambia matairi."

Sekela alikuwa anaangalia dirishani, kule uani, pikapu lilipokuwa. Hakusema anaona nini.

"Mama," mjomba akasema, karibu kwa kunong'ona. "Upo tayari?"

Bibi aliinua fimbo yake, akagonga sakafu mara moja.

Tok.

Mjomba akaweka futi kamba mezani, akachukua ufunguo msumarini, akainama akachukua na kile kibegi. Mlangoni akasimama, ametugeuzia mgongo.

"Gari likiinama," akasema, kama anajisomea mwenyewe, "hesabu abiria."

Akatoka na Bibi, akamkalisha kwenye kiti cha kushoto, akafunga mlango.