Pete Iliyopima Cheri

Siku ya tatu ya mwezi wa Rajabu, mwaka wa tisa wa utawala wa Sultani Qudama wa mji wa Marjabuli, mguu wa Sultani ulivimba kwa ugonjwa wa jongo, na tabibu wake Haidari akatiwa gerezani, na amri ikatoka kwamba Sultani asiposimama kwa sala ya Ijumaa ya pili, tabibu atakatwa kichwa.

Binti wa tabibu, Ramla, alikuwa mpimaji wa matunda ya jumba. Sheria ya mababu ilitaka kila cheri ipitishwe kwenye pete ya kifalme, na iliyokwama ni ya Sultani, na iliyopenya ni ya mbuzi. Cheri za bustani zilikwama, kubwa na tamu. Za mwitu, zilizochumwa mlimani, zilipenya zote.

Siku hiyo Ramla alipima huku akilia, na pete ikasema, "Binti, unanilowesha."

Ramla hakuitupa. "Nani wewe?"

"Jini niliyefungwa humu na babu yake Sultani. Miaka arobaini matunda yanapita kifuani pangu, nami nayajua kuliko wanaoyala. Hizi kubwa ni maji na sukari. Hizi za mwitu ni chachu hata meno yanakufa ganzi, na nyama yake ni nyeusi hadi kwenye kokwa, na weusi huo ndio unaotuliza uvimbe. Umepata kumwona mbuzi wa jumba hili akichechemea?"

"Basi mponye Sultani, baba yangu aachiwe."

"Kuponya siwezi. Kujibana naweza, lakini nikijibana sipanuki tena."

"Utaumia?"

"Nimeumia zaidi kuona dawa ikienda zizini."

Ramla akaenda barazani na kapu la cheri za mwitu. Waziri akacheka. "Leo Sultani ale chakula cha mbuzi?"

"Mtukufu Sultani," akasema Ramla, "mimi ni mpimaji tu, na sheria si yangu. Niruhusu nipime mbele yako, na pete ihukumu."

Akaweka cheri juu ya pete, na pete ikajikaza, na cheri ikakwama. Akaweka ya pili, nayo ikakwama.

"Nimeiona ikijikaza," Sultani akasema. Waziri akaacha kucheka. "Ikiwa pete ya babu yangu imejikunja kwa ajili ya mguu wangu, mimi ni nani nisikunje uso? Lete."

Akala bakuli zima, akala asubuhi na jioni, siku tisa.

Ijumaa ya pili Sultani alisali amesimama, safu ya kwanza. Baada ya sala mlango wa gereza ulifunguliwa, na Tabibu Haidari akatoka, akaenda nyumbani na bintiye.