Digidigi na Mzunguko wa Mwisho

Hapo zamani za kale, zamani ile ambayo pundamilia alikuwa bado anagombana na fundi wake juu ya mistari, wanyama wa mbuga moja walikuwa na kisima kimoja tu cha kiangazi. Na kisima kilikuwa na sheria yake: kabla jua kali halijaanza, wanyama hukimbia mizunguko minne kuuzunguka uwanda, na mshindi ndiye anayepanga foleni ya maji mpaka mvua irudi.

Sheria nzuri, sivyo? Ngojeni niwaambie ilivyotumika. Miaka saba mfululizo alishinda Pofu, yule swala mkubwa kuliko wote, na miaka saba foleni ilikuwa ileile: Pofu na ukoo wake, Nyumbu na ukoo wake, kisha wengineo, kisha wadogo. Wadogo walipofika, kisimani kumebaki tope na alama za kwato. Eti huo ndio utaratibu! Utaratibu wa nani?

Digidigi, ambaye kimo chake hakifiki hata goti la Pofu, aliishi kichakani na bibi yake. Mwaka uliopita bibi alikunywa tope lile, akalala na tumbo siku tisa. Safari hii akikosa maji safi, kila mtu kichakani alijua, ingawa hakuna aliyesema, kwamba bibi hataiona mvua.

"Bibi, nakimbia tena."

"We mtoto! Mwaka jana si ulizimika njiani?"

"Nilichomoka mapema, bibi. Debe la kutangaza mzunguko wa mwisho lililia tu, mimi huyo, fyuu! Zilipobaki hatua sitini, miguu ikawa uji. Mwaka huu nitasubiri."

"Usubiri nini? Wale wakianza na kasi yao, mzunguko wa pili tu wamekumaliza."

Hapo bibi alisema kweli. Mbio zikienda kasi tangu mwanzo, Digidigi hana chake. Zikienda polepole mpaka mwisho, hakuna anayemweza kwa hatua mia. Lakini utawaambiaje wakubwa waende polepole? Digidigi akawaza mpaka masikio yakamwasha. Halafu akacheka peke yake, "Kii!"

Siku ikafika. Kanga alikuwa juu ya kichuguu, debe mbele yake na fimbo mkononi. Wakimbiaji walikuwa watatu tu, maana wengine walikwisha kata tamaa.

"Shikamoo Mzee Pofu. Shikamoo Mzee Nyumbu."

"Marahaba, kadogo," akasema Pofu, na magoti yake yakalia tiki, tiki, kama yaliavyo magoti ya pofu wote wakitembea. "Umekuja tena kutuchekesha?"

"Nimekuja kujifunza, wazee wangu. Ila nina swali dogo la adabu. Huko kwenu wakubwa mkienda safari, nani hutangulia?"

Pofu akatuna kifua. "Vijana hutangulia, watutolee miiba na umande. Mkubwa hukaa nyuma."

"Ahaa! Basi leo nitajua nani mkubwa kati yenu. Nitamwangalia tu atakayetangulia."

Pofu akamtazama Nyumbu. Nyumbu akamtazama Pofu.

Nde! Debe likalia. Hakuna aliyetoka.

"Tangulia, Nyumbu."

"Mimi? Nikutangulie wewe, kaka yangu? Aa, tangulia wewe."

"Mimi nina vitukuu!"

"Na mimi je? Wangu wameota ndevu!"

Mwishowe wakaondoka sambamba, bega kwa bega, kila mmoja akiichunga pua ya mwenzake. Pua ya huyu ikisogea mbele kidogo, anapunguza mwendo. Ya yule ikisogea, naye anapunguza. Tiki... tiki... tiki...

"Hizi mbio au mazishi?" akapiga kelele Nyani. "Watu tuna watoto nyumbani!"

Digidigi nyuma yao, akihema kwa pua tu. Mzunguko wa kwanza ukaisha, na wa pili ukaisha.

Mzunguko wa tatu Nyumbu akazinduka. "Kadogo kako wapi?"

"Kako hapa nyuma yetu, upande wa ndani, karibu na miiba ya katikati ya uwanda."

"Tukafungie!"

Nyumbu akaingia mbele yake, Pofu akambana kwa ubavu. Upande mmoja mbavu, upande wa pili ukingo wa miiba, na mbele mkia na vumbi.

"Mnanibana!"

"Pita basi," akasema Pofu. "Uwanja si wa wote?"

Mwenye haki hapo angepigana. Digidigi alitaka kupigana! Roho ilimchemka. Lakini akapunguza mwendo, akarudi nyuma hatua kumi, akatoa ulimi nje. "Hee! Hee! Hee!"

"Kamezimika!" Nyumbu akacheka. Pembeni, bibi akafumba macho.

Nde-nde-nde-nde! Mzunguko wa mwisho.

"Chomoka, Digidigi! Chomoka!" umati ukalia.

Miguu ikamwasha. Akaiambia, "Bado." Umati ukalia tena. "Bado, nimesema."

Akatega sikio kwenye magoti ya Pofu. Tiki, tiki. Wakafika upande wa mbali wa uwanda, na sasa kila mkubwa alikuwa akikiwaza kisima. Mara: tikitikitikitiki! Pofu amechomoka! Nyumbu naye, gudu-gudu-gudu! Nusu nzima ya mzunguko ilikuwa bado imebaki, na wao tayari wametoa kila walichonacho.

Digidigi akawafuata, akajongea mpaka hatua nne nyuma yao, akabaki hapo.

Kona ya mwisho. Miili mizito, mwendo mkali, kila mmoja akimsukuma mwenzake. Kona ikawashinda. Wakatupwa nje, huko, kwenye vumbi, na pale ukingoni mwa miiba ukabaki uwazi wa upana wa digidigi mmoja.

"Sasa!"

Fyuuu!

"Nani huyo?" akafoka Nyumbu.

Magoti ya Pofu yakajibu: tiki... tiki... Hayakuwa na kitu tena. Digidigi akapita chini ya pua zao, akavuka mstari, akaanguka majanini. "Uuuf!"

Pofu akafika akitweta. "Umetudanganya!"

"Nimewadanganya wapi, mzee? Nimeuliza swali, mkajijibu wenyewe. Kuna aliyewazuia kukimbia?"

Nyani akaangua kicheko, na Kanga akapiga debe bila sababu.

"Foleni ni hii," akasema Digidigi. "Wagonjwa na watoto kwanza. Wanywao kidogo wafuate. Wenye kwato nzito mwisho, na maji yatawafikia, msihofu."

Na yaliwafikia. Bibi akainamisha kichwa kisimani, akayaona mawe ya chini kabisa, akanywa taratibu mpaka akashiba. Digidigi alilala pembeni yake, miguu yote minne imenyooka, akisikiliza tu sauti ya kumeza.

Hadithi nimeitua hapa, wanangu, na funzo lake ni hili: nguvu anazo kila mtu kwa kiasi chake, ila ushindi ni wa yule ajuaye wakati wa kuzitoa.