Mashua ya Mafuta

Sogeeni, jamani, masikio yatangulie, midomo ifuate.

Zimwi la ng'ambo ya ziwa baridi, lenye tumbo la makaa, lilimmeza mama yake Kidawa. Kidawa hakulia. Aliunda mashua kwa mikono yake, na nyufa akaziziba kwa mafuta ya ng'ombe. Mafundi wakamcheka, wakishika mbavu.

"Maji ya baridi yatayagandisha," akasema.

Akajifunga kibuyu kitupu kiunoni, akapiga makasia, akapiga, akapiga, mpaka vidole vikafa ganzi. Zimwi likampokea likichekelea.

"Binti mnono! Kwenu wamebaki wengine?"

"Tele, babu. Panda nikuvushe, ukale ushibe."

Likapanda. Katikati ya ziwa, joto la tumbo lake likayeyusha mafuta, maji yakaingia.

"Mjukuu wangu, niokoe!"

"Mama alikuomba mara ngapi?"

"Mara tatu!"

"Basi zako bado mbili."

Likaomba ya pili. Ya tatu ilitoka mapovu matupu.

Makaa yakapasha ziwa moto, Kidawa akaelea na kibuyu chake hadi kwao bila kutetemeka. Mpaka leo maji yale ni vuguvugu, na Kidawa huenda kunawa miguu humo.